Hati Miliki Ina Jina la Kaka, Shamba ni la Nani? Ushauri kwa Mawakili wa Kesi za Amana

Shamba ni moja, jina kwenye hati miliki ni moja, na nyumba zinazolima juu yake ni tano. Kila wakili wa Kenya anayeshughulikia ardhi na mirathi amewahi kuletewa faili ya namna hii. Mteja anasema ardhi ilikuwa ya babu, kaka mkubwa akaandikishwa kwa niaba ya wote, na leo watoto wa kaka wanataka kuuza. Upande wa pili wanaonyesha hati miliki na kusema mjadala umefungwa.

Kwa miaka mingi mabishano yetu kortini yalikuwa juu ya sheria yenyewe: je, amana inaweza kumfunga mtu ambaye jina lake liko kwenye rejista? Swali hilo limejibiwa. Mahakama ya Juu imefungua mlango kwa wanaodai amana, tena kwa upana. Hata hivyo wadai wengi wenye haki bado wanarudi nyumbani mikono mitupu, kwa sababu wakili wao alitaja amana isiyo yao, alikwenda mahakama isiyo yake, au alianza kutafuta ushahidi wazee wakiwa wameshazikwa. Makala haya ni kwa mawakili wenzangu, hasa walio katika miaka yao ya mwanzo kazini. Ninachosema ni kimoja: kesi ya amana leo inasimama juu ya ushahidi, na ushahidi huo hukusanywa kabla ya hati ya madai kuandikwa.

Tulipotoka

Usajili wa mashamba ya wenyeji ulishika kasi kufuatia Mpango wa Swynnerton wa 1954, katikati ya Hali ya Hatari. Vipande vya ardhi viliunganishwa na kupimwa, na majina yakaingizwa kwenye vitabu wakati wanaume wengi walikuwa kizuizini au mbali na kwao. Aliyekuwepo nyumbani ndiye aliyeandikwa. Mara nyingi alikuwa mtoto wa kwanza wa kiume, ambaye Wakikuyu humwita muramati, mtunzaji wa ardhi ya ukoo. Hakuna aliyemwambia aandikishe neno "mdhamini" mbele ya jina lake. Kila mtu pale kijijini alijua.

Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya 1963 ikaja na kumpa mwenye jina umiliki kamili. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Mahakama Kuu iliamua katika kesi zilizosomwa sana kwamba usajili umefuta haki za kimila. Majaji wengine, akiwemo Jaji Madan, walikataa kuamini kwamba sheria ilikusudia kuwafukuza ndugu kwenye ardhi ya baba yao. Mitazamo hiyo miwili iliendelea kugongana kwa miongo kadhaa.

Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, katika kifungu cha 28(b), ilitaja wazi amana, zikiwemo amana za kimila, kuwa miongoni mwa haki zinazoifunga ardhi hata kama hazikuandikwa kwenye rejista. Kifungu cha 25 nacho kinasema usajili haumwondolei mtu wajibu wake kama mdhamini. Kisha, tarehe 5 Oktoba 2018, katika rufaa iliyotoka Meru, Mahakama ya Juu ilimaliza ubishi. Mdai wa amana ya kimila, ilisema, si lazima awe anakaa kwenye shamba. Anachotakiwa kuonyesha ni mambo matano: ardhi ilikuwa ya familia, ukoo au kundi kabla ya kusajiliwa, yeye ni wa familia, ukoo au kundi hilo, uhusiano wake si wa mbali kiasi cha kufanya dai liwe la kubahatisha, angestahili kuandikwa kama mmiliki au mnufaika kama si jambo fulani lililoingilia kati, na anayedaiwa, mwenye jina kwenye rejista, ni wa familia, ukoo au kundi hilohilo.

Yaandike mambo hayo matano kwenye ukurasa wa kwanza wa faili yako. Chini ya kila moja andika jina la shahidi na hati itakayolithibitisha. Pakibaki nafasi tupu, hujawa tayari kufungua kesi.

Jua ni amana ipi

Kosa ninaloliona mara nyingi katika hati za madai ni kutaja "amana" kwa jumla, kana kwamba ni kitu kimoja. Amana ya kimila inahitaji historia ya ardhi ya familia kabla ya usajili. Mteja aliyetuma pesa kutoka Doha au Minneapolis ili ndugu yake amnunulie ploti Kitengela hana amana ya kimila hata kidogo. Dai lake ni kwamba pesa ilikuwa yake, hakukusudia kumpa ndugu zawadi, na kwa hiyo mali inamrudia aliyetoa pesa. Hapa historia ya ukoo haina kazi. Kinachotakiwa ni taarifa za benki na za M-Pesa, na ujumbe waliotumiana siku zile za ununuzi.

Aina ya tatu ni amana ambayo mahakama yenyewe huiweka ili mtu asifaidike kwa kuvunja neno lake. Mnunuzi wa shamba la kilimo amelipa, ameingia, amejenga na kupanda, halafu muuzaji anakuja kusema kibali cha Bodi ya Udhibiti wa Ardhi hakikupatikana ndani ya miezi 6, hivyo mauzo ni batili. Mahakama ya Rufani iliwahi kutoa maamuzi yanayopingana juu ya jambo hili, lakini 2018 ilisimama na upande wa haki: amana ya namna hii inaweza kumlinda mnunuzi. Kifungu cha 3(3) cha Sheria ya Mikataba, kinachodai mkataba wa ardhi uwe wa maandishi, nacho kinaziacha amana hizi bila kuziathiri. Mwishoni mwa 2023, katika kesi ya Mombasa Bricks & Tiles, Mahakama ya Juu ilithibitisha kwamba amana inayowekwa na mahakama inaweza kuingizwa katika makubaliano ya mauzo ya ardhi na kuishinda hati miliki iliyosajiliwa.

Ipo pia amana ya wanandoa. Kifungu cha 14 cha Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 kinaanza kwa kudhani kwamba mali iliyopatikana wakati wa ndoa kwa jina la mmoja inashikwa kwa amana ya mwenzake, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Januari 2023 Mahakama ya Juu ilieleza kwamba usawa wa wanandoa kwenye Katiba haumaanishi kugawa nusu kwa nusu bila kuangalia mchango. Mwezi huohuo, katika kesi nyingine, ilikataa kudhani kuwapo kwa ndoa kati ya watu wawili waliokuwa wakiishi pamoja, lakini ikaona amana katika mali waliyoichuma na kuigawa asilimia 70 kwa mwanamke na 30 kwa mwanamume. Mwenye mteja aliyeishi na mtu bila ndoa asimwambie aende zake. Amuulize alichangia nini, lini na kwa njia gani, na ahesabu pia kazi ya nyumbani na malezi.

Fungua kesi panapostahili

Mawakili wengi hupeleka dai la amana kwenye faili ya mirathi, kwa kuwa mwenye jina amefariki na familia yote iko pale. Mahakama ya mirathi inagawa mali ya marehemu. Swali la kama mali hiyo ilikuwa ya marehemu tangu mwanzo, au aliishikia wengine, ni la Mahakama ya Mazingira na Ardhi, au la mahakimu walioteuliwa rasmi kusikiliza kesi za ardhi, ambapo kikomo cha Hakimu Mkuu ni mali ya shilingi milioni 20. Unachofanya kwenye faili ya mirathi ni kuomba, kwa Kanuni ya 41(3) ya Kanuni za Mirathi, sehemu inayobishaniwa itengwe isigawanywe mpaka mahakama ya ardhi iamue. Ombi hili lisipotolewa kabla ya hati ya usimamizi kuthibitishwa, unaweza kukuta shamba limeshakatwa vipande na kuuzwa.

Ukiwa na mteja Mwislamu, jiulize mapema kama jambo ni la urithi, linaloweza kwenda kwa Kadhi chini ya Ibara ya 170 ya Katiba pande zote zikiwa Waislamu na zikikubali, au ni la wakfu, ambalo sasa lina Sheria ya Wakfu ya 2022. Pwani, ambako nyumba na mashamba yaliyowekwa wakfu ni mengi, kuchanganya haya kunamgharimu mteja miaka.

Kusanya ushahidi wakati wazee wapo

Hapa ndipo kesi inaposhinda au kuanguka. Anayedai amana ndiye anayebeba mzigo wa kuithibitisha, na Mahakama ya Rufani imesema zaidi ya mara moja kwamba amana haidhaniwi tu; lazima ionekane kwenye ukweli uliothibitishwa.

Nenda shambani mwenyewe. Usiridhike na maelezo ya mteja ofisini. Tembea mpaka hadi mpaka pamoja na mzee wa familia na karani wako akiwa na daftari. Muulize mzee: kabla ya vipimo, boma la babu yenu lilikuwa wapi? Nani alilima kule bondeni? Makaburi ni ya nani na nani, na walizikwa lini? Mti ule uliopandwa kama alama uko wapi? Siku ya upimaji nani alikuwepo, na nani alikuwa kizuizini? Piga picha za makaburi, za nyumba za zamani na za mistari ya miti. Kaburi la mama wa mteja lililoko ndani ya shamba lenye jina la ami yake ni ushahidi ambao hakuna wakili wa upande wa pili atakayeupuuza.

Kisha nenda kwenye kumbukumbu. Omba nakala zilizothibitishwa za kadi ya rejista tangu siku ya kwanza, rekodi za ugawaji na uunganishaji wa ardhi, pingamizi zilizosikilizwa wakati ule, na barua za chifu. Usingoje. Mfumo wa Ardhisasa ulizinduliwa 2021, na rejista za zamani zinaendelea kuhamishwa na kubadilishiwa namba. Karatasi ya mwaka 1960 ambayo leo iko kwenye kabati, kesho utaambiwa itafutwe.

Shahidi wako akiwa mzee sana au mgonjwa, omba mahakama imsikilize mapema, kabla ya zamu yake. Kanuni za Kesi za Madai zinaruhusu. Akiwa ameshafariki, angalia kifungu cha 33 cha Sheria ya Ushahidi kuhusu maneno ya marehemu juu ya mila na uhusiano wa kindugu. Na ukitegemea ujumbe wa simu au taarifa zilizochapwa kutoka kompyuta, ambatisha cheti kinachotakiwa na kifungu cha 106B. Nimeona ushahidi mzuri ukikataliwa kwa kukosa ukurasa huo mmoja.

Mwandae mteja kwa swali ambalo lazima litaulizwa: kwa nini ulinyamaza miaka yote hii? Mara nyingi jibu la kweli ndilo lenye nguvu. Hakudai kwa sababu hakuna aliyemsumbua. Alilima, alizika, aliozesha, na hati ilikaa kwa kaka kama ilivyokaa siku zote. Ugomvi ulianza siku mnunuzi alipokuja na kamba ya kupimia. Jibu hilo liwemo kwenye taarifa yake ya shahidi tangu mwanzo, lisije kuonekana limetungwa kizimbani.

Andika hati ya madai kwa uangalifu

Agizo la 2, kanuni ya 10 ya Kanuni za Kesi za Madai linataka utoe maelezo kamili ya ulaghai au ukiukaji wa amana unaoudai. Taja nani alifanya nini, lini, kuhusu sehemu gani ya ardhi. Ulaghai usiutaje kama huna ushahidi, kwa kuwa kipimo chake ni kikubwa kuliko cha kesi za kawaida, na ukishindwa kuuthibitisha utalichafua hata dai lililokuwa safi. Kaka aliyeandikishwa kwa ridhaa ya familia hakulaghai mtu siku ile. Kosa, kama lipo, ni la miaka ya baadaye, alipokataa kugawa.

Jihadhari na kuchanganya amana na umiliki wa kukaa muda mrefu. Anayedai kwamba amemiliki shamba kwa zaidi ya miaka 12 kinyume na mwenyewe anasema alikaa bila ruhusa. Anayedai amana anasema alikaa kwa haki yake ndani ya ardhi ya familia. Mtu mmoja hawezi kusimama kizimbani na kuapa yote mawili. Chagua moja baada ya kusikiliza ushahidi wako vizuri.

Kuhusu muda, kifungu cha 20 cha Sheria ya Ukomo wa Madai kinasema hakuna ukomo kwa mnufaika anayedai mali ya amana kutoka kwa mdhamini, wala kwa ulaghai ambao mdhamini alihusika. Ukiukaji mwingine wa amana una miaka 6. Tofauti hiyo ni kubwa. Mteja anayetaka shamba lirudi ana nafasi pana. Mteja anayetaka fidia kwa kodi za nyumba ambazo mdhamini alizembea kukusanya anahesabiwa miaka.

Kama mambo hayabishaniwi sana, samansi anzilishi chini ya Agizo la 37 inatosha, na ni ya haraka. Kama kuna mashahidi wengi na historia ndefu, fungua kwa hati ya madai ya kawaida, usije ukaambiwa baada ya miaka miwili uanze upya.

Linda mali kwanza

Rudi kwenye sharti la tano la 2018: anayedaiwa awe wa familia. Kifungu cha 28 kinaifunga ardhi hata ikinunuliwa, lakini shamba likishafika mikononi mwa mgeni aliyelipa, kesi yako imekuwa ngumu mara dufu. Kwa hiyo wiki ya kwanza ya faili ni ya ulinzi. Weka tahadhari kwenye rejista chini ya kifungu cha 71, kile ambacho wateja wanakiita koshoni. Omba amri ya muda ya kuzuia uuzaji. Waandikie mnunuzi na benki, ili baadaye wasiseme hawakujua.

Ukiwa wakili wa mnunuzi, mwambie mteja wako kwamba utafutaji kwenye rejista peke yake hautoshi. Katika hukumu ya Dina Management ya Aprili 2023, iliyohusu ardhi ya umma Mombasa, Mahakama ya Juu ilisisitiza kwamba hati miliki haitetewi ikiwa chimbuko lake lina kasoro. Aende shambani, aulize nani anakaa, kwa haki gani, na makaburi yale ni ya nani. Majirani watamweleza yale ambayo rejista haikuandika.

Unapomtetea mwenye jina

Si kila anayelia amana ana amana. Kuna watu walionunua mashamba yao kwa jasho lao, na leo wapwa wanakuja kudai kwamba ni ya ukoo kwa sababu tu bei imepanda. Ukimtetea mtu wa namna hii, onyesha chimbuko: stakabadhi za ununuzi, mkopo uliolipwa, au mgao alioupata kila ndugu mahali pengine. Ndugu aliyepewa ekari zake 5 upande wa pili wa mto wakati wa upimaji anatakiwa aeleze anadai nini tena huku. Mwulize mteja wako kwa ukali uleule utakaoulizwa na mahakama. Ukigundua kwamba kweli alishikia wenzake, wajibu wako ni kumshauri agawe, maana kila mwaka wa kesi unakula ardhi ya pande zote mbili.

Wadhamini na wasimamizi

Madai dhidi ya wasimamizi wa mirathi na wadhamini wa familia yanazidi kuletwa mahakamani. Mali bila daftari hupotea bila habari, na sheria inasema vivyo hivyo: kifungu cha 83 cha Sheria ya Urithi kinamtaka msimamizi atoe orodha kamili ya mali na hesabu zake ndani ya miezi 6 ya kupewa hati, na amalize ugawaji ndani ya miezi 6 ya kuthibitishwa kwa hati hiyo. Panapokuwa na watoto wadogo, kifungu cha 58 kinataka wasimamizi wasiopungua wawili. Mjane mwenye haki ya maisha chini ya kifungu cha 35 hawezi kuuza shamba bila idhini ya mahakama. Ukimtetea mnufaika, anza kwa kudai hesabu. Mara nyingi hesabu, au kukosekana kwake, humaliza kesi.

Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 kuhusu wadhamini yalifungua njia ya kusajili amana za familia, na mawakili wengi sasa wanaziandaa. Hati tunazoandika leo ndizo zitakazosomwa kortini miaka 20 ijayo. Andika wazi nani ni mnufaika, mdhamini anaondolewaje, hesabu zinatolewa lini, na ugomvi unatatuliwa wapi. Mwenye mali akibaki anaamua kila kitu peke yake, amemwachia mpinzani hoja ya kusema amana hiyo ni ya jina tu.

Mabinti na suluhu

Hakuna sharti hata moja kati ya yale matano linalosema mdai awe mwanamume. Binti ni wa familia. Ibara ya 27 ya Katiba inakataza ubaguzi, na kifungu cha 29 cha Sheria ya Urithi hakitofautishi mtoto wa kike na wa kiume. Binti akija ofisini na kusema kaka zake wamemwambia ardhi ya ukoo haimhusu, mpokee, fungua faili, na utaje Katiba kwenye aya ya kwanza.

Mwisho, tumia Ibara ya 159. Usuluhishi ndani ya mahakama upo tangu 2016, na Sera ya Mifumo Mbadala ya Haki ya 2020 imewapa wazee nafasi inayotambuliwa. Ndugu wanaogombea shamba watazikana, wataozeshana, na watoto wao watasoma shule moja. Mkikubaliana, leteni mpima ardhi achore mipaka kabla ya mtu yeyote kutia sahihi, akina mama na mabinti wawepo mezani, kisha makubaliano yasajiliwe kama amri ya mahakama. Maelewano ya mdomo ndiyo yaliyotuletea kesi hizi.

Wakili mwenzangu, kama una faili ya amana mezani leo, ifungue na uangalie shahidi wako mkubwa kuliko wote ana umri gani. Ipigie simu familia wiki hii, panga siku, na uende ukamsikilize.